Tarishi wa Korido

Katika nyumba ile mke alikaa mbele, mume akakaa nyuma, na katikati palikuwa na korido nyembamba ambayo sakafu yake ilichakazwa na miguu ya mtoto mmoja. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kilikuwa saluni: kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti vya plastiki, kikapu cha machanuo na vibanio, na mke mwenyewe amesimama nyuma ya kichwa cha mtu tangu asubuhi. Uani ndiko mume alikochomelea mageti na madirisha. Mashine yake ya kukata chuma ikianza kulia, wateja wa saluni walikatisha umbea wao mpaka inyamaze, kisha wakauendeleza pale pale ulipokatikia.

Mtaa mzima ulimwita mke Msusi na mume Fundi. Wenyewe kwa wenyewe hawakuitana kitu, kwa sababu hawakuwa wakisemeshana.

Chanzo kilikuwa geti. Mama yake Msusi alipofariki, Fundi alikuwa na geti la kumalizia, na mwenye geti alikuwa mtu wa haraka, basi Fundi akasema watangulie, atawakuta. Aliwakuta makaburini wakikung'uta udongo miguuni. Msusi alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, akaona unga wa chuma ungali kwenye nyusi zake, akamwambia mbele ya kaka zake wote, "Sitakutamkia neno mpaka uniombe radhi." Maneno mawili tu yangetosha siku ile, na ulimi hauna mfupa, usingevunjika. Lakini Fundi alikuwa amekwisha kuona aibu mbele ya mashemeji, na mwanamume akiona aibu mara nyingi huokota jiwe. Akajibu, "Basi utakaa kimya sana."

Wakakaa kimya sana. Kuachana hawakuachana, maana nyumba waliijenga pamoja na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake hata tofali. Mtoto wao wa pekee, binti, ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kutembea kwa kushika ukuta.

"Mwambie baba yako chakula kipo mezani," Msusi alimwambia siku moja, bila kutegemea kitu. Mtoto akaishika korido, akampiga baba yake kwenye mguu wa suruali, akasema, "Kula." Fundi akacheka, akanawa mikono, akaja kula. Kila mmoja alifurahi upande wake. Walikuwa wamepata njia ya kuishi bila kushindwa, na njia yenyewe haikulalamika.

Kuanzia hapo, kadiri vijembe vilivyorefuka ndivyo maneno ya mtoto yalivyorefuka. Alipofika umri wa chekechea aliweza kubeba sentensi nzima kutoka barabarani hadi uani bila kumwaga hata tone. "Mama anasema mlango wa choo umeng'oka bawaba siku nyingi na humu ndani mna fundi, au ni fundi wa watu wa nje tu?" Alisema hivyo mkono kiunoni, nyusi juu, Msusi mtupu. Kisha alirudi, akasimama miguu mbali mbali kama mtu aliyechoshwa na kazi ya chuma, akaleta jibu: "Baba anasema mganga hajigangi." Wateja walikufa kwa kicheko. Nesi wa zahanati, mteja wa kila mwisho wa mwezi, ndiye aliyempa jina. "Huyu ni tarishi," alisema. "Huyu hahitaji shule, apewe baiskeli na mfuko wa barua."

Jina likashika. Msusi alilipenda, na hilo lazima lisemwe. Alipenda kuona watoto wa wenzake wakiburuta maneno huku wake akimwaga hotuba. "Mwanangu mdomo kaurithi kwangu," alijisifu, na chanuo likienda. Hakujiuliza ni lini mara ya mwisho alizungumza na mtoto huyo habari isiyokuwa ya kupelekwa kwa mtu mwingine. Mchana kutwa aliongea na vichwa vya watu: waume zao, mawifi zao, magonjwa yao. Jioni akifunga mlango, ulimi ulikuwa umechoka kuliko miguu. Yaliyobaki kwa mtoto yalikuwa kula, oga, lala, na kamwambie.

Mwalimu wa chekechea aliwaita wote wawili siku moja. Walikwenda kwa njia tofauti, wakafika pamoja, wakakalia vile viti vya watoto ambavyo havikutengenezwa kwa makalio ya wazazi, magoti yakiwa karibu na videvu. Mwalimu alikuwa binti mdogo mwenye chaki kwenye mikono ya blauzi. Msusi alimkagua nywele kwanza, akaona hazijasukwa kwake, akampunguzia heshima.

"Mtoto wenu anasema vizuri," mwalimu alianza. "Nikimtuma darasa la pili hakosi hata neno. Ila jana alijikojolea. Nikamwuliza, mbona hukuomba ruhusa? Akaniambia, 'Hakuna aliyenituma.'"

Fundi alikohoa. Msusi akaangalia picha za wanyama ukutani.

"Nikimwuliza anataka rangi gani, anageuka nyuma kuangalia aliyesimama. Wenzake wakinyang'anyana mdoli wanapiga kelele, yeye anasubiri tu. Kwani nyumbani mnazungumza naye?"

"Mwalimu," alisema Msusi, "mwulize huyo aliyekaa hapo. Mimi nasimama tangu kunakucha."

"Mwalimu," alisema Fundi, "mwambie huyo mama kwamba mtoto wa kike huzungumza na mama yake."

"Mwambie basi aache kelele zake nisikie mtoto anasema nini."

"Mwambie kelele hizo ndizo zilizoezeka nyumba."

Shingo ya mwalimu ilikwenda huku, ikarudi huku, ikaenda tena. Kisha ikasimama. "Kumbe," alisema, kwa sauti ndogo, na Msusi alihisi uso ukimwaka kana kwamba amefunguliwa mlango akioga.

Mwalimu hakuwagombeza. Ingekuwa nafuu. Aliwaeleza polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake kufunga kamba za viatu, kwamba mtoto hajifunzi kusema kwa kutumwa, anajifunza kwa kusikilizwa. Wamwulize, kisha wasubiri. Akijibu, wamjibu yeye, si mtu mwingine. "Maneno anayo tele," alisema, "lakini hata moja si lake. Siku atakayosema neno lake mwenyewe, hata likiwa la utovu wa adabu, njooni mniambie. Nitafurahi."

"Hajazaa, anatufundisha kulea," Msusi alimwambia jirani aliyekutana naye njiani. Hata hivyo neno lile lilimganda. Jioni ile, baada ya kufagia nywele sakafuni, alimvuta mtoto, akamkalisha kwenye kigoda, akachuchumaa mbele yake.

"Haya, mwanangu. Zungumza na mimi."

"Niseme nini?"

"Chochote. Chako."

Mtoto alifikiri. Alikuwa na macho mazito ya baba yake, na Msusi aliona, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwamba kope zake zilikuwa ndefu. "Nikamwambie nani?" mtoto akauliza.

"Usimwambie mtu. Niambie mimi."

Mtoto akanyamaza. Si ukaidi, alikuwa anangoja apewe mzigo. Msusi naye alingoja, kama alivyoelekezwa, na kungoja kulimwuma kuliko alivyotarajia, kwa sababu ukimya wa mtoto yule ulikuwa ule ule wa nyumba nzima. Angevumilia kidogo zaidi huenda kitu kingetoka. Lakini uani Fundi alianza kupiga mluzi, mluzi wa mtu asiye na shida, na damu ya Msusi ikachemka. "Kamwambie baba yako," alisema akinyanyuka, "mwalimu kaona kwamba yeye ndiye asiyejua kulea." Mtoto akaruka kutoka kwenye kigoda, uhai umemrudia usoni. Hilo alilijua.

Jumamosi iliyofuata saluni ilijaa. Asubuhi na mapema mtoto alikuwa amekuja kutoka uani na ujumbe wa ajabu: "Baba anasema upunguze umbea, litapona."

"Litapona nini?"

Mtoto hakusema. Hakuna aliyemtuma swali hilo. Msusi alilihesabu kuwa ni fumbo lingine la Fundi, akaliweka akiba. Hakulijibu kwa sababu maji ya kuoshea nywele yalikuwa yanachemka, lakini alilikumbuka, na kila aliposokota nywele aliling'ata.

Nesi wa zahanati alikuwa kitini, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, mtoto aliporudi. Alisimama mlangoni, kiganja kimebana sikio la kushoto. Mashine ya kukata chuma ilikuwa ikilia uani, na mtoto yule aliziba masikio kila ilipolia. Kwa hiyo Msusi aliuona mkono, lakini hakuuona.

"Sikio linauma," mtoto alisema.

"Linamwuma?" Msusi alicheka kwa pua, macho yake yakiwa kwenye utosi wa nesi. Ilikuwa tamu. Tangu lini uani kukatoka habari ya udhaifu? Na baada ya tusi la asubuhi! "Mwambie hivi: sikio la kufa halisikii dawa."

Nesi alicheka mpaka akashika mikono ya kiti. "Shoga, wewe! Utamwua mwanamume wa watu!" Waliokaa kwenye benchi wakapokea, wakalirudia wakipeana mikono. Methali imempata mwenyewe, walisema.

Mtoto hakuondoka. Alisimama pale kitambo kuliko tarishi anavyopaswa kusimama, akiangalia midomo ya mama yake.

"Nenda basi. Nimekwisha kukutuma."

Akaenda, bega la kushoto likikwaruza ukuta wa korido. Haukupita muda akarudi. "Baba anasema sikio lake zima, ndiyo maana kelele zenu zinamchosha."

"Mnaona huyo?" Msusi aliwaambia wateja. "Kaleta mwenyewe habari ya sikio, sasa anaikana." Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Hata mjinga angeuliza: kama la baba ni zima, ni la nani linalouma? Lakini mtu aliyekwisha kuonja ushindi hana maswali. Alituma kijembe kingine, na kingine kikarudi, na mtoto akaendelea kutembea, huku na huko, mpaka jioni. Jioni hakutaka kula. Msusi alimpapasa paji la uso, akasema ni jua, akamlaza.

Alfajiri mto wa kulalia ulikuwa umelowa usaha na damu.

Zahanati walikwenda wote wawili. Fundi alimbeba mtoto, Msusi alikimbia pembeni akishikilia kanga, na njia nzima hawakusemeshana, kwa kuwa waliyekuwa wakisema kwa kinywa chake alikuwa anachemka begani mwa Fundi. Pale mezani alikuwa nesi yule yule, misuko mipya imemkaa vizuri. Aliwapitisha mbele ya foleni.

Daktari alimulika, akafuta, akamulika tena. "Hili si la jana wala juzi," alisema. "Limeanza kitambo. Ngoma ya sikio imepasuka na ndani kumeharibika. Tutampa dawa, lakini siwezi kuwaahidi kwamba atasikia upande huu." Kisha akauliza lile ambalo daktari yeyote angeuliza. "Mtoto mkubwa hivi, anaongea. Hakuwaambia kwamba linauma?"

"Hakusema," alisema Msusi.

"Hakusema," alisema Fundi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu wawili hao kukubaliana.

Mtoto alikuwa amelala kitandani, pamba sikioni, midomo imekauka. Aliposikia wamemaliza, alidhani zamu yake imefika. Alijiinua kidogo kwa kiwiko, akaleta ujumbe wote kwa mpangilio, kama alivyofunzwa.

"Nilimwambia baba sikio linauma. Baba akasema, mwambie apunguze umbea, litapona. Nikamwambia mama sikio linauma." Hapo alitaka kuweka mkono kiunoni, lakini alikuwa ameegemea kiwiko, basi akainua nyusi tu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Msusi, na kicheko cha pua ndani yake. "Mama akasema, mwambie hivi: sikio la kufa halisikii dawa."

Kalamu ya daktari ilisimama. Nesi aligeukia kabati la dawa, akaanza kupanga chupa zilizokuwa zimepangwa. Msusi hakumtazama Fundi, lakini alijua kwamba wote wawili wameshika kitu kimoja kwa pande mbili. Kila mmoja alidhani anamchoma mwenzake, na mkuki siku zote ulipita kwa huyu mdogo. Alitaka kulia, machozi yakakataa. Aibu iliyafunga.

Mngedhani hapo ndipo walipopatana. Watu hudhani maafa hupatanisha. Hayakuwapatanisha. Kama radhi ya geti ilikuwa nzito, hii mpya ni nani angeiinua? Anayeanza kusema angekuwa amekiri sehemu yake, na sehemu zilikuwa sawa, kwa hiyo hakuna aliyeanza. Walimrudisha mtoto kwa daktari tena na tena, mmoja kashika mkono huu na mwingine ule, na mwisho jibu likawa moja: kushoto hasikii. Uani Fundi alifanya kazi kwa nyundo tu siku kadhaa, mashine ameifunika turubai. Saluni hakuna aliyethubutu kutamka jina la Tarishi. Nesi alibadilisha msusi.

Msusi alijaribu. Alikaa na mtoto, akamwuliza, akangoja. Mtoto alimtazama kwa adabu. Alikuwa akipindua kichwa kidogo siku hizi, kuleta sikio la kulia mbele, na kila alipofanya hivyo Msusi alihisi kama kamezwa na maji ya baridi. Hakupata jibu. Alipata tu mtoto anayesubiri.

Kisha ikaja siku ya kawaida. Chakula kilikuwa mezani. Mtoto alikuwa kwenye kigoda katikati ya korido, anachezea vibanio vya nywele, akivipanga sakafuni kwa namna aliyoijua mwenyewe. Msusi alitoka jikoni, taulo begani. Mlango wa uani ulikuwa wazi na Fundi alikuwa pale pale kizingitini, ananawa mikono, karibu kiasi kwamba matone ya maji yaliruka mpaka ndani. Wangeweza kushikana mikono. Msusi alifungua kinywa. Alikuwa amedhamiria, maneno "Njoo ule" yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akaona Fundi naye ameinua uso, midomo imeachana kidogo, anangoja. Alikuwa akimngoja yeye! Basi kile kitu cha zamani, kile kilichozaliwa makaburini, kikamgeuza ulimi.

"Mwanangu," alisema, "mwambie baba yako chakula kipo mezani."

Fundi alishusha macho. "Mwambie mama yako," alisema polepole, "nimesikia."

Mtoto hakunyanyuka. Aliweka kibanio kimoja juu ya kingine. Alimtazama mama yake, akamtazama baba yake, na usoni mwake hapakuwa na nyusi za Msusi wala uchovu wa Fundi. Palikuwa na sura ambayo hawakuwahi kuiona.

"Semeni wenyewe," alisema. "Sikio langu linauma."

Ndilo neno lile ambalo mwalimu aliwaambia waende kumpa habari yake, afurahi. Walisimama, huyu na taulo, huyu na maji yakimtiririka viganjani, kila mmoja akitafuta mwanzo. Mtoto aliwangoja kidogo. Alipoona hawana kitu, aligeuza kigoda, akarudi kwenye vibanio vyake, akawaelekezea sikio la kushoto.